Palipoamka Sada

Kikole,
1 Juni 2025

Shoga yangu Debora,

Salamu zangu zinapanda lori la Hasani juu ya magunia ya ufuta, kwa hiyo zikikufikia na vumbi zipanguse tu, ndani ni safi. Musa mzima, mama mkwe mzima, Sada mzima ila meno yanamsumbua. Na mimi nikisema mzima ujue sijalala.

Karatasi yako ya masomo nimeisoma mpaka imelegea kwenye mikunjo. Siku ile uliponipigia ukaanza kunitajia, "fungua mdomo wa samaki, andika herufi, funga mdomo wa samaki," Musa alidhani unanifundisha kukaanga. Simu haifai kwa kazi hii. Kitochi changu hizo alama sijui hata kinazificha wapi. Bora barua. Mimi nitaandika kwa kalamu, wewe uchape kwenye kompyuta ya hapo steshenari, halafu uniprintie nione ukurasa umetokaje. Najua Mzee Sixbert hapendi mashine yake ichezewe. Mwambie ni mama mmoja wa kijijini anajaribu bahati yake.

Debora, hao watu wa kituo cha mafunzo, kweli wamesema hawaulizi cheti cha kidato cha nne? Maana mimi kidato cha pili sikukimaliza, unajua mwenyewe, ulikuwa dawati moja na mimi baba alipofariki nikarudishwa shamba. Kama mtihani wao ni kukaa mbele ya kompyuta na kutengeneza kurasa mbili za mtandao zinazoitana, huo naweza kujifunza. Shule ilinipita nikiwa nimesimama barabarani naiangalia. Hii sitaki inipite.

Ukurasa wangu wa kwanza uko nyuma ya barua hii. Nimeupa jina lake kule juu kabisa, nimeweka kichwa cha habari ndani ya <h1> kama ulivyofundisha, na aya mbili, kila moja ndani ya <p>. Nimeeleza Kikole na ufuta wetu, maana ndicho ninachokijua. Uchape kama ulivyo.

Mwenzako,
Batuli, mama Sada


Mtanda, Lindi,
6 Juni 2025

Mama Sada, mwenzangu,

Hasani kanikuta kwenye mashine ya kutoa kopi. Nimesimama hapo tangu tufungue duka, wazazi wa mtaa mzima wameamka na wazo moja la kutoa kopi vyeti vya watoto wao. Miguu imevimba kama ya mama mjamzito, na mimi hata mchumba sina.

Ukurasa wako huu hapa. Umeona kichwa kilivyokaa juu kwa herufi nene, aya zikajipanga chini yake? Safi kabisa. Nimechapa kama ulivyoandika.

Sasa twende mbele. Usiuone ukurasa kama daftari, uone kama kanga. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina, na hakuna aliyewahi kukuta jina la kanga limekaa kwenye kona. Ukurasa nao ni hivyo. Juu unaweka kichwa na njia za kwendea kurasa nyingine. Katikati ndio mji, maneno yako na picha zako. Chini, kwa herufi ndogo, jina lako wewe uliyeutengeneza. Ukishajua kipi kinakaa wapi, mkono utafuata.

Halafu kiungo, hapa dukani tunasema linki. Ndicho kinachomtoa mtu ukurasa huu na kumpeleka ule. Unaandika hivi: <a href="shamba.html">, yaani unaitaja faili unayotaka kumpeleka mtu. Kisha unaandika maneno atakayoyabonyeza, kwa mfano Twende shambani. Mwisho unafunga kwa </a>. Kilicho ndani ya midomo ya samaki kinaitwa tagi, na tagi ya kufunga ni ile ile ya kufungua, ila ina mkwaju mbele, ule mstari ulioinama. Kila unachofungua ukifunge, Batuli. Hilo nalisema mara moja lakini lisikie mara nyingi.

Mtihani ni mwanzoni mwa Agosti. Ukipita, mafunzo ni miezi sita, na utalala kwangu. Kitanda ni kimoja lakini tulishalala watatu kwenye mkeka mmoja bwenini, hatukufa.

Mimi,
Debora


Kikole,
14 Juni 2025

Shoga yangu wa mjini,

Nimeibandika printi ukutani kwa uji wa muhogo. Ungeona. Kila anayeingia kumsalimia mama mkwe namzungusha apite chumbani kwangu kwanza.

Bi Tawakali mwenyewe aliiangalia, mikono nyuma. "Hii kaandika nani?"

"Mimi, mama."

"Na ugali nao umo humo?"

Musa akacheka mpaka akakohoa. "Mama, mwache bwana. Huyu kesho keshokutwa anafungua ofisi."

"Na aifungue. Bora jiko asilifunge."

Lakini nilimsikia jioni anamwambia jirani, "Mke wa mwanangu anaandika maandishi ya kompyuta bila kompyuta." Alisema kama anayelalamika, na alisema kwa sauti.

Tuko kwenye kukata ufuta. Ukichelewa unapasuka wenyewe na mbegu zinamwagika, kwa hiyo hakuna cha kuumwa mgongo wala nini. Sada namlaza kibandani juu ya kanga, akilala nashika kalamu, akiamka naiweka. Huu ukurasa nimeuandika kwa mtindo huo, na juu umechafuka kidogo, ni jasho, si machozi.

Nimefuata kanga yako. Njia za kwendea kurasa nimeziweka juu, katikati nimemweleza Sada na bibi yake, chini jina langu. Linki nayo nimeitia, ya kwenda shambani. Nikifikiria kwamba mtu atabonyeza neno moja tu na kutoka nyumbani kwangu hadi shambani, naona raha. Mimi njia hiyo naitembea na mtoto mgongoni na jembe begani.

Batuli


Mtanda,
21 Juni 2025

Mama Sada,

Printi hiyo. Linki imekaa rangi ya bluu na mstari chini yake, peke yake, kama inavyotakiwa. Umeiva, mwenzangu. Nakwambia umeiva. Jana nilipita kituoni nikaandikisha jina lako kwenye mtihani.

Nimekuchorea kibodi kwenye karatasi ngumu, ukubwa wake halisi. Midomo ya samaki iko juu ya koma na juu ya nukta, unashikilia kitufe cha kuinua kwa kidole kimoja ndio unabonyeza. Mkwaju uko jirani yake. Zoeza vidole juu ya karatasi, maana siku hiyo hakuna kalamu.

Jambo jingine, nisikufiche. Watoto hawaruhusiwi ndani. Nilimwona mama mmoja amerudishwa mlangoni na wake mgongoni, akasimama pale uani hajui aende wapi. Lakini Sada si anakula uji? Tutaona namna.

Mama yangu huko Nyangamara kifua kimemrudia. Kila jioni nampigia, kila jioni ananiambia hajambo huku anakohoa.

Debora


Kikole,
2 Julai 2025

Debora shoga yangu,

Uliposema nimeiva nilifunga mlango nikacheka peke yangu. Sasa nakwambia jambo nililolificha kwanza nione kama nitaliweza. Nimemwachisha Sada ziwa.

Usishtuke. Nimefikiri sana. Nikimwachisha siku ya safari yenyewe atapata homa, na mimi nitakuwa mbali. Bora sasa, nikiwa karibu. Bi Tawakali hakupenda. "Mtoto hajatimiza miaka yake miwili. Hiyo ni haki yake, si yako wala si ya kompyuta."

Nikamwambia, "Najua, mama."

"Unajua, halafu unafanya."

Lakini alikuja mwenyewe akamchukua, maana ndivyo tunavyofanya, mtoto anayeachishwa hulala kwa bibi yake ili asisikie harufu ya maziwa. Nyumba yake iko ng'ambo ya uwanja tu. Sada akilia nasikia. Maziwa nayo yanasikia, yanajaa. Nimejikaza kanga kifuani kama mtu aliyevunjika mbavu, na mchana nakata ufuta hivyo hivyo. Mwarobaini nilijipaka siku ya kwanza. Akaonja, akatema, akaniangalia usoni. Hakulia hapo. Aliniangalia tu, kama mtu mzima anavyomwangalia mtu mzima mwenzake.

Nakutumia kurasa zote mbili, wa nyumbani na wa shamba, pamoja na linki ya kwenda na ya kurudi. Nimeziandika vipande vipande, na kichwa changu hakiko vizuri siku hizi. Ila umeniambia nimeiva, nami haya yote nayafanya juu ya neno lako.

Batuli


Mtanda,
8 Julai 2025

Mama Sada,

Barua yako niliisoma dukani, nikampa mteja kopi za mtu mwingine.

Laiti ungeniambia mapema. Haiwezekani umrudishie kidogo? Sisemi usije. Mafunzo yapo, hata mwakani huenda wakachukua tena. Nasema tu kwamba mtoto ni mtoto.

Kurasa zote mbili nimezichapa, printi zake hizi, ya nyumbani na ya shamba. Linki inakwenda na inarudi. Ziko sawa.

Samahani ni fupi. Mama hali yake si nzuri.

Debora


Kikole,
12 Julai 2025

Debora,

Leo sina salamu za kupamba.

Nilikuwa nakunja nguo za Sada nimpelekee bibi yake, ikadondoka karatasi. Ni ukurasa wa shamba. Ule niliokuambia nimeutia kwenye bahasha. Haujaondoka Kikole, Debora. Ninao mkononi, umeishia nusu mstari, na pembeni una alama ya kidole cha uji.

Sasa naomba uniambie. Huu ukurasa wa shamba ulioniprintia, wenye aya zilizonyooka na orodha yenye vidoti na linki ya kurudi nyumbani, ameuandika nani?

Nimezibandua printi zote ukutani nikakaa chini nazo. Kwenye ule wa Sada kuna "hivyo basi". Mimi tangu nizaliwe sijawahi kusema "hivyo basi". Nilipoiona siku ile nilidhani niliandika nikiwa na usingizi. Niliona fahari, Debora! Nilisema kumbe nikisinzia naandika kisomi.

Musa ananiuliza kuna nini. Nimwambie nini? Bi Tawakali sijamwambia. Yeye atasema neno moja tu na litakuwa la haki.

Sada haninyonyi tena. Juzi alikuja akaniwekea kichwa kifuani na hakuomba. Ameshajua. Hilo halirudi nyuma, hata ukiniandikia habari za mwakani. Nilikutuma uwe macho yangu, ukanionyesha kazi yako ukaniambia ni yangu, na mimi nikaenda nikamnyima mtoto wangu.

Printi zako hizi, nakurudishia. Karatasi zangu za kalamu kama hukuzitupa, zichape kama zilivyo, zote, na huu wa shamba nauambatanisha ulivyo. Ukiongeza hata nukta usiniandikie tena.

Batuli


Mtanda,
17 Julai 2025

Batuli,

Sikuzitupa. Nimezichapa zote, sikugusa kitu, na nakurudishia na karatasi zako.

Printi ya juu ni nyeupe. Usidhani nimesahau wino. Ndivyo ulivyotoka ukurasa wako wa kwanza. Ile tagi ya jina la ukurasa uliifungua hukuifunga, na hiyo isipofungwa humeza kila kinachoifuata. Imemeza kichwa, imemeza aya zote mbili, imeimeza Kikole yote. Nilikaa naitazama kompyuta nyeupe nikawaza, nimpelekee mwenzangu karatasi tupu, na ameandika akiwa na mtoto mapajani? Nikaongeza tagi moja. Moja tu. Nikasema barua inayofuata nitamweleza. Barua iliyofuata, wewe ulikuwa umeshaibandika ukutani.

Ya pili ni bluu tupu kuanzia kwenye linki ya juu mpaka chini. Linki hukuifunga. Popote utakapobonyeza, hata kwenye jina la Sada, hata kwenye jina lako, inakupeleka shambani. Nikaifunga. Na pale maneno yalipokatika nikaunga kwa maneno yangu, na hiyo "hivyo basi" ni yangu. Mimi nasema hivyo kwa wateja.

Zilizobaki utaziona. Makosa yote ni ndugu wa baba mmoja, umefungua na hukufunga.

Baada ya wewe kuondoka shule, dawati lile nilikaa peke yangu mpaka kidato cha nne. Walitaka kuniwekea mtu, nikaweka mkoba. Nilitaka uje, Batuli, kwa namna yoyote. Nilisema akishafika nitamketisha hapa nimwonyeshe mkono kwa mkono kabla ya mtihani. Sikujua utaanzia kwenye ziwa. Na nilipojua, badala ya kusema, nikazidi kuandika.

Jina lako bado liko kituoni. Ukitaka nilifute, sema.

Debora


Kikole,
24 Julai 2025

Debora,

Ile nyeupe niliishika juani nikaigeuza. Musa akauliza, "Unasoma hewa?" Nikamwambia ndio ukurasa wangu wa kwanza, na nikamwambia na mengine yote. Hakucheka. Alikaa, akasema, "Basi sasa unajua ulipo." Akaenda kulisha mbuzi.

Nilikukasirikia kwa nguvu, mpaka kukung'uta ufuta kukaenda haraka. Halafu hasira ikachoka kabla yangu. Sina nguvu za kubeba tita la mtoto na tita lako pamoja.

Nikaziweka karatasi zangu kando ya printi za kweli, nikatafuta kila nilipofungua nisifunge. Mwanzo niliona mambo ya mtu asiyejua. Halafu nikaanza kukumbuka. Hapa palipokatika ndipo siafu walipomuingia Sada, nikarusha kalamu. Hapa jua lilimfika usoni. Hapa alitaka ziwa. Hapa aliamka tu akaita, hana shida, anataka kuona kama nipo. Debora, kila palipoachwa wazi ni palipoamka Sada. Kufunga nakujua. Nilikuwa naitwa, na nikirudi naanza mstari mpya nikidhani ule wa nyuma niliumaliza. Kwenye printi zako nzuri hayo nisingeyaona kamwe.

Basi nimebadilisha mwendo. Kwenye ufuta hatukusanyi mabua mikononi ndipo tukatafute kamba. Kamba inalazwa chini kwanza, mabua juu yake. Ukiitwa katikati, unaliacha tita palepale, kamba iko chini inalisubiri. Sasa naandika kufungua na kufunga pamoja, kwanza, mifupa yote ya ukurasa toka juu mpaka chini, halafu ndio narudi kujaza. Nikiitwa, patabaki patupu tu. Hapatakuwa na kinachomeza kingine.

Ajabu ni kwamba siku hizi hakuna anayeniita. Sada yuko kwa bibi yake. Lakini mkono umeshaamua, naandika vile vile.

Bi Tawakali ananikuta nagongagonga ile karatasi ya kibodi. Jana aliniwekea taa karibu, akasema, "Gonga huku unaona, usije ukatuaibisha huko." Nikasema ahsante, mama.

Jina usilifute. Nakuja. Kurasa mbili mpya hizi hapa, na ile tagi ya picha nimeitia pia. Kama kuna kosa, niletee na kosa lake.

Batuli


Mtanda,
30 Julai 2025

Batuli,

Nimechapa bila kugusa. Kichwa kimekaa, aya zimekaa, orodha ina vidoti vyake, linki inakwenda shamba na inarudi nyumbani. Picha haikuja, pamebaki kiboksi kitupu, maana umeiita kwa jina ambalo faili ya picha haina. Nilikuwa na kidole juu ya kibodi. Nikakiondoa, nikaenda kumhudumia mteja.

Sasa sikia. Mama amezidiwa, naondoka leo kwenda Nyangamara, na siku ya mtihani sitakuwepo. Ufunguo nimemwachia Bertha, jirani wa mlango wa bluu, anajua unakuja, na ukimchekea anakupa na chakula. Hakuna atakayekuelekeza, utaingia peke yako. Inaniuma, na wakati huo huo naona labda ndivyo inavyotakiwa.

Barua yako ya kunijibu iache kitandani. Yupo mtu wa kwetu anayekuja Lindi, Bertha atampa aniletee.

Debora


Mtanda,
6 Agosti 2025

Debora shoga yangu,

Pole ya mama. Bertha ameniambia jana mama alikunywa mchuzi na ukakaa, nimefurahi. Kweli anapika huyu, sikumchekea hata, kaniona tu nilivyokaa akaleta bakuli la kande.

Nimetoka kituoni, nakuandikia kabla sijasahau.

Tuliingia wengi. Mwalimu anaitwa Helena, anaongea taratibu. Alipotuambia tuanze, wenzangu waligonga kama mvua ya bati. Mimi natafuta herufi moja moja, herufi za kweli zinabonyea, za karatasi hazikuwa zinabonyea, nikachelewa kwa mshangao tu. Nikaweka mifupa yote kwanza, kufungua na kufunga, kurasa zote mbili. Msichana wa pembeni akachungulia. "Dada, mbona umeandika mifupa mitupu?"

"Nyama inakuja."

"Saa ngapi? Muda unaisha!"

Na kweli uliisha, Debora. Aya ya pili sikuijaza. Orodha ilikuwa na kidoti kimoja chenye neno na viwili vyenye hewa. Picha sikuifikia kabisa. Mwalimu Helena akaja, akabonyeza linki yangu, ikaenda shamba. Akabonyeza ya kurudi, ikarudi. Akarudia tena. Mimi nashika meza.

"Hukumaliza," akasema.

"Ndiyo, mwalimu."

"Lakini hakuna kilichovunjika." Akafungua akaangalia maandishi yenyewe, akayapitia kwa kidole. "Nani alikufundisha kuweka hivi?"

Nikasema rafiki yangu, na mtoto wangu. Akaenda kwa msichana wa pembeni.

Baada ya chakula wakasoma majina. Langu lilikuwa karibu na mwisho, nilishaanza kukusanya vitu vyangu. Batuli wa Kikole. Jumatatu naanza.

Nikatoka nje nikampigia Musa. "Nimepita."

Akasema, "Alhamdulillahi. Sasa nitamwambia mama. Alikuwa amekaa barazani toka asubuhi, anajifanya anachambua choroko."

"Sada je?"

"Mzima. Anakula. Tukimaliza ufuta nawaleta wote wawili, mama ameshasema hapandi gari bila mto wa kukalia."

"Ameniulizia?"

"Jana aliuliza. Leo hapana." Halafu akasema, kwa kunipa moyo, "Leo hajauliza hata mara moja, Batuli. Kazoea. Usiwe na wasiwasi."

Mwezi wote nimemwomba Mungu asilie. Leo halii, na mimi nilikaa kwenye ngazi za duka la watu na simu mkononi, nikashindwa kuinuka. Mwenye duka akaniletea maji akidhani nimefeli. Nikamwambia nimepita. Akasema basi kunywa hivyo hivyo.

Mafunzo naanza, Debora, usidhani najuta. Nimechoka tu, na furaha imenikuta nimechoka. Wewe nimekusamehe siku nyingi, ila usirudie.

Nilipofika kwako nilijinyoosha kidogo kitandani na usingizi ukanichukua na viatu vyangu. Nimeamka nikajikuta ukingoni kabisa, bado kidogo nianguke, na upande wa ukutani nimeacha nafasi, shuka limenyooka halina hata mkunjo. Ndivyo ninavyolala tangu Sada azaliwe. Ukirudi, wewe utalala miguuni, pale ukutani usipaguse.

Batuli, mama Sada